Mwaka Tuliomfundisha Gaspari Kusoma

Tulimzika Madamu Verediana siku ya Jumamosi, na baada ya mazishi tukarudi nyumbani kwake Gahanga, pembezoni mwa Kigali, kwenye ile nyumba aliyoijenga baada ya kustaafu, kati ya shamba la mihogo na ukuta mpya wa jirani ambaye hajahamia bado. Wanafunzi wake wa zamani tulikuwa sita, wanawake tu, sote tumeshapita miaka hamsini. Wenyeji walitupa chumba cha nyuma, wakatuletea wali, ndizi za kupika, maharage na soda zisizo baridi kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Tulikuwa bado tunakula alipoingia kijana mmoja anayefundisha katika shule aliyostaafia Madamu. Alitusalimu kwa heshima, akaweka simu yake mezani katikati ya sahani ili ichukue sauti, akasema wanatayarisha kijitabu cha kumkumbuka, na sura moja itahusu kozi aliyoianzisha, ile ya kujifunza kwa kutumikia watu mtaani. "Mama zetu," akasema, "kwa ufupi tu: kozi ile ilikuwa na faida gani kwa mwanafunzi?" Konsolata alijibu kwanza, kama alivyokuwa akijibu kwanza darasani. Alisema ilimfundisha kusikiliza mtu bila kumkatiza, ilimtoa woga wa kuingia nyumba ya maskini, ilimfundisha kuandika ripoti. Wengine wakaongeza yao, na kila walilosema lilikuwa kweli. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Ilinipa kazi." Kijana akangoja. Konsolata akanitazama, kisha akatazama sahani yake. Nikamwambia yule kijana, "Andika hilo tu, mwanangu, linatosha." Haya ninayoandika sasa ndiyo niliyoshindwa kuyasema mbele ya simu ile.

Ilikuwa mwaka wa shule ulioanza Septemba 1993. Tulikuwa mwaka wa tano, tukisomea kazi za ustawi wa jamii, katika darasa lenye madirisha marefu ambayo nusu ya vioo vyake vilikuwa vimebadilishwa kwa kadibodi. Madamu aliingia siku ya kwanza akiwa amevaa sweta la kijani na viatu vya raba, akaandika ubaoni maswali matatu kwa Kifaransa, kisha akatueleza kwa Kinyarwanda ili pasiwe na wa kujificha nyuma ya Kifaransa. Nimefanya nini? Nimejifunza nini? Wiki ijayo nitafanya nini tofauti? Akasema, "Mtakwenda mtaani wawili wawili, Jumatano mchana na Jumamosi asubuhi. Hamwendi kutoa sadaka. Mnakwenda kufanya kazi ambayo mtu anaihitaji, halafu mnarudi hapa kuifikiria. Asiyeifikiria atakuwa amebeba maji tu." Baada ya kipindi nilitumwa ofisini kurudisha chaki, nikamsikia mkurugenzi wa shule akimwambia Madamu kwa sauti ya chini kwamba nyakati zilikuwa mbaya, kwamba mitaani kulikuwa na mikutano na vurugu, na wasichana wa watu wangepata matatizo. Madamu akamjibu, "Wakikaa humu ndani miaka sita halafu watoke, ndipo watakapopata matatizo." Nilipenda jibu lile. Nilitembea nalo wiki nzima kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Nilipangwa pamoja na Domitila. Alikuwa mfupi, mwepesi wa hesabu, mwenye mwandiko ambao hata walimu waliuazima kuandikia matangazo, na alikula haraka kuliko msichana yeyote bwenini. Ungekuta sahani yake ya mahindi na maharage tupu kabla wewe hujamaliza kutoa wadudu kwenye yako. Nyumbani kwao kulikuwa Muhima, nyuma ya maduka. Kitambulisho chake kilisema ni Mtutsi, na tangu shule ya msingi alikuwa amezoea kusimama pale mwalimu alipowaamuru watoto wa kabila hilo wasimame ili wahesabiwe. Hakuwahi kunieleza jambo hilo kwa uchungu. Aliniambia tu kwamba alijifunza mapema kusimama haraka na kuketi haraka. Mimi nilitoka mtaa wa Biryogo, ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani, na karatasi zetu zilikuwa za wageni kutoka upande wa Kigoma. Kwa sababu hiyo darasani niliitwa Mswahili, na mambo ya kusimama na kuketi hayakunihusu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri wakati huo, kwamba hayakunihusu.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa mtaa wa Gitega, palepale Kigali, chini kabisa mwa mteremko, mahali ambapo maji machafu ya nyumba za juu yalipita mbele ya milango ya nyumba za chini. Mwanamke mwenye nyumba aliitwa Mama Sifa. Aliuza mkaa kwa mafungu, na alikuwa na kifua kikuu. Alikuwa ameanza dawa mara moja akaziacha, na zahanati ilikuwa imekubali kumwanzishia upya kwa sharti kwamba awepo mtu wa kumfuatilia miezi minane yote. Watu hao tulikuwa sisi. Kulikuwa na vyumba viwili vya udongo, cha mbele kimebandikwa kurasa za magazeti ukutani kuzuia vumbi, cha nyuma kimetengwa kwa pazia la kitenge. Mtoto wao Sifa, msichana wa miaka minne hivi, alikuwa na tabia ya kukaa chini ya meza na kutugusa vidole vya miguu. Mume wa Mama Sifa, Gaspari, alikuwa mchukuzi katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Kiswahili chake alikiokota kwa madereva wa malori ya Kongo, na mkewe alikiokota kwake. Walipogundua kwamba mimi ni wa Biryogo, wakaacha Kinyarwanda pale nilipokuwapo, kwa adabu, kama mtu anavyomwachia mgeni kiti kizuri.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Mama Sifa alikuwa mwembamba kiasi kwamba alipoinama kupuliza moto mabega yake yalitokeza kama mbao za kitanda. Siku ya tatu alitukimbilia mlangoni akilia. "Hii dawa yenu inaniua. Mukojo yangu iko mwekundu, iko damu!" Domitila naye aliogopa. Mimi nilikuwa nimesoma karatasi ya zahanati vizuri zaidi, nikamwambia, "Si damu, mama. Ni rangi ya kidonge. Ukiona rangi hiyo, ujue dawa imeingia." Alinitazama muda mrefu akipima kama msichana wa umri wangu anaweza kujua siri ya mkojo wake. Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkalisha chini. Tangu siku hiyo kila tulipofika alitutangazia rangi, mbele ya jirani yeyote, bila haya. Tulihesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, tukaweka alama katika daftari, tukamsaidia kupanga mafungu ya mkaa, tukala alichotupa: viazi vitamu vya kuchemsha na maharage, siku nyingine isombe, yaani kisamvu, iliyopikwa bila mafuta. Madamu alikuwa ametukataza kukataa chakula. "Ukimlisha mtu ukakataa kulishwa naye," alisema, "umemwambia yeye ni nani na wewe ni nani."

Jumatano moja ya Oktoba Gaspari alirudi mapema kwa sababu hapakuwa na mizigo. Aliketi kizingitini akimtazama Domitila anavyoandika. Alikuwa mtu mpole, mwenye shingo nene iliyoota sugu kwa mizigo, na alizungumza akitazama chini.

"Mwarimu," akamwambia Domitila, "hiyo kalamu inasema nini?"

"Inasema mama amemeza dawa zake zote."

"Wapi inasema jina yake?"

Domitila akamwonyesha. Gaspari akaweka kidole chini ya jina la mkewe kama anayeshika kitu cha moto. "Na mimi niko wapi?"

"Wewe hujaandikwa. Subiri." Akamwandikia jina lake kwa herufi kubwa, akachana kipande cha karatasi akampa. Ndipo Gaspari akatueleza, polepole, kwamba pale kituoni mizigo ina majina ya miji, naye hajui kusoma, na mara mbili alikuwa amepakia mzigo wa Byumba kwenye basi la Gitarama, na mara ya pili walimpiga. "Kama ninajua kusoma, hawatanipiga," alisema. Domitila akanitazama. Tulipotoka, aliniambia, "Hii ndiyo kazi. Ya dawa tulipewa. Hii tumeombwa." Jumatatu tukamweleza Madamu, naye akafurahi hadi akavua miwani. Akasema hapo ndipo kozi inapoanza, pale mtaa unapokupa somo ambalo mwalimu hakulipanga.

Domitila alimfundisha kwa mkaa, akiandika silabi upande wa ndani wa mlango: ba, be, bi, bo, bu. Gaspari alirudia kwa sauti ya mtu anayeitikia sala, na Sifa chini ya meza akirudia nyuma yake, na Mama Sifa akiwa nje anapanga mafungu anacheka kwamba nyumba yake imekuwa darasa. Gaspari alichanganya r na l kama watu wengi wa kwetu, na hiyo ikawa kazi yangu, kumsimamisha kila alipoteleza. Kufika Krismasi alikuwa anasoma majina ya miji yote iliyoandikwa kwenye mabasi. Alituletea habari hiyo kwa kukimbia, jasho linamtiririka, akataja Butare, Ruhengeri, Kibungo, Cyangugu, na alipomaliza akasimama tu mbele yetu akihema. Sijawahi tena kumwona mtu mzima mwenye furaha ya namna ile. Mama Sifa naye alikuwa ameongezeka uzito; mashavu yalijaa, akawa mwanamke mzuri kuliko tulivyodhani, na majirani wakaanza kutuita madaktari. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Usiku bwenini nilijilaza nikifikiri kwamba dunia inarekebishika, kwamba ukienda mara mbili kwa wiki na ukiandika unachofanya, kitu kilichovunjika hukaa sawa. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ndivyo nilivyoamini.

Miezi ile mazungumzo ya watu yalikuwa yamebadilika. Kupitia ukuta wa Mama Sifa tulisikia redio ya jirani, nyimbo na kicheko cha watangazaji wakitaja watu kwa majina na mahali wanapoishi. Kwenye foleni ya maji watu walinyamaza Domitila alipofika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akituita madaktari alimuuliza mbele yangu, kwa sauti ya mzaha, "Na wewe, nyumbani kwenu mnalala vizuri?" Domitila akajibu, "Tunalala, mama, asante," akainua ndoo. Mimi nilijua hilo lilikuwa baya. Lakini nilikuwa na daftari la kujaza, na daftari halikuwa na mahali pa swali kama lile.

Mwezi wa pili, mwaka 1994, tulifika Jumamosi tukakuta wanaume saba au wanane wamekaa uani kwenye magunia ya mkaa. Gaspari alikuwa katikati, amesimama, ameshika karatasi iliyochapwa, mojawapo ya zile zilizokuwa zikigawiwa na vijana wa chama cha rais. Alikuwa anawasomea. Wao hawakujua kusoma, au walijua kidogo, na walimsikiliza kwa heshima ambayo hakuna aliyewahi kumpa mchukuzi wa Nyabugogo. Mmoja akasema, "Huyu sasa ni karani wetu." Alipotuona alinyoosha mgongo akaendelea kwa sauti kubwa zaidi, ili walimu wake wasikie. Nami nilisikia. Nilisikia kila r ikiwa mahali pake. Nilisikia alivyovuka maneno marefu bila kujikwaa, alivyopumzika kwenye vituo kama tulivyomfundisha. Alipomaliza nilipiga makofi.

Tulipanda mteremko, Domitila akitangulia. Nikamwambia, "Umesikia? Hajakwama hata mara moja!"

"Umesikia alichosoma?"

Nikatafuta kichwani. Kweli sikuwa na neno hata moja. Nilikuwa na silabi tu.

"Amesoma kwamba sisi ni nyoka," akasema Domitila. "Kwamba nyoka haachwi hata akiwa mdogo. Amesoma vizuri sana."

Nilimwambia labda Gaspari hakuelewa, labda alisoma tu kwa sababu ya raha ya kusoma, kama mtu anayetafuna ganda la muwa. Hakubisha. Jioni ile tulipokaa kuandika ripoti ya muhula, alitaka tuiandike habari ile kama ilivyokuwa. Mimi nilikataa. Nilisema itaharibu ripoti nzima, kwamba Madamu amejivunia nyumba yetu mbele ya mkurugenzi, kwamba tuandike yaliyo hakika: mgonjwa anameza dawa, ameongezeka uzito, mume anasoma. Yeye ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo aliandika nilichomwambia: Gaspari sasa anawasomea majirani. Madamu alitupa alama za juu kabisa darasani. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mbele ya sentensi ile, aliandika maneno mawili: *Anasoma nini?* Tulitakiwa kumjibu tukirudi kutoka likizo ya Pasaka.

Shule ilifungwa kabla ya Pasaka, na Aprili ikatukuta kila mtu kwao. Yaliyotokea Kigali kuanzia wiki ile ndege ya rais ilipodunguliwa na Watutsi wakaanza kuuawa yanajulikana, na walioyaona kwa karibu kuliko mimi wameyasimulia. Mimi nitasimulia dakika chache tu. Siku ya nane au ya tisa shangazi yangu aliamua tutoke Biryogo tujaribu kufika Gitarama. Tulishuka kwa njia ya Gitega. Kulikuwa na bariyeri iliyofunga njia chini ya mteremko, gogo na meza ya shule, na watu wenye mapanga wamekaa kivulini. Aliyekaa mezani alikuwa Gaspari. Alikuwa amevaa koti la suti lisilokuwa lake. Watu walimletea vitambulisho, naye alivisoma, na kila alichosema ndicho kilichotendeka. Katika kundi lile hapakuwa na mwingine aliyejua kusoma kwa uhakika. Sikuangalia upande wa mtaro. Shangazi alinishika kisogo nisije nikageuka kuangalia.

Nilipofika mezani alinitambua, na uso wake ukafunguka. Naapa kwamba uso wake ulifunguka. "Mwarimu!" akasema. Hakunipitisha hivihivi. Alichukua karatasi zangu akaweka kidole chini ya neno, akalisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, ili nione: "U-mu-nya-ma-ha-nga. Mgeni. Pita." Akanirudishia kwa mikono miwili.

Nikajikaza. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, "Domitila yuko wapi?"

Akatazama chini, kama zamani. "Yule iko kwangu," akanong'ona. "Mama Sifa iko naye. Usiseme kitu. Pita, mwarimu, pita."

Nikapita. Nilipita nikiwa na furaha. Nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, ningeweza kuliona paa lake, nami nilikwenda zangu nikimwambia shangazi kwamba Domitila amesalimika, kwamba yuko kwa watu wetu. Kwa muda wa mwaka mzima, Gitarama, kisha Bukavu, kisha Kigoma, niliwaambia watu habari ile. Niliwaambia kwamba kozi yetu iliokoa mtu.

Nilirudi Kigali mwaka 1995 na kupata kazi ya msaidizi katika zahanati, kitengo cha kifua kikuu, kwa kuwa nilijua vidonge, nilijua kufuatilia mgonjwa, nilijua kuingia nyumba ya mtu nikakaribishwa. Wauguzi wengi walikuwa wamekufa au wamekimbia. Wiki ya pili nikashuka Gitega. Mama Sifa alikuwa palepale, na mafungu yake ya mkaa, peke yake. Hakushangaa kuniona. Alinipa kigoda, akachemsha chai bila maziwa, na akanieleza yote huku akitazama moto.

Domitila alifika kwa Mama Sifa siku ya tatu ya mauaji, kupitia uani, baada ya watu wa nyumbani kwao Muhima kumalizwa. Hakuwa na mahali pengine alipopafikiria. Walimficha nyuma ya pazia, chini ya magunia. Gaspari alijua, na alikubali. Alitoka asubuhi kwenda bariyeri, akarudi jioni, akala, hakusema kitu. "Na Domitila alikuwa ananipatia dawa," akasema Mama Sifa. "Kila asubuhi. Anahesabu, ananipatia, anasema, mama, imebaki siku ishirini. Mama, imebaki siku kumi na nane. Mimi nasema, mwanangu, acha dawa, watu wanakufa. Yeye anasema hapana, tumalize." Wiki mbili zikapita hivyo. Kisha wenzake Gaspari wakaanza kuuliza kwa nini nyumba ya karani haijapekuliwa. Wakaja naye mchana, kumi na zaidi. Wakamtoa Domitila chini ya magunia. Wakachukua kitambulisho chake mfukoni mwa sketi, na kiongozi wao akampa Gaspari akasema, "Wewe ndiye unayejua kusoma. Soma."

Mama Sifa akainama akapuliza moto. Nikamuuliza, "Akasoma?"

"Alisoma. Maneno mengine ya kabila yalikuwa yamekatwa na kalamu, moja tu haikukatwa. Aliweka kidole chini yake. Aliogopa, nilimwona anaogopa. Lakini alisoma vizuri."

"Domitila alisema nini?"

"Alikuwa anamwangalia tu. Kama anasikiliza somo."

Walimuua kwenye mtaro wa maji, chini ya nyumba. Mwezi wa saba wauaji waliposhindwa vita na mji ukatekwa, Gaspari alikimbilia Kongo. Mama Sifa alikataa kwenda naye. Gaspari akambeba Sifa mgongoni akaondoka naye, na hakuna aliyerudi, wala habari. Nilimuuliza kuhusu dawa kwa sababu sikujua niulize nini kingine. Akasema alizimeza zote hadi kidonge cha mwisho, peke yake, akihesabu kama alivyohesabiwa, kwa kuwa aliahidi.

Nilimwachia kopo dogo la makohozi, kwa kuwa matibabu hayahesabiwi kuwa yamekwisha hadi makohozi yapimwe. Nilitoka pale nikaenda kwa Madamu Verediana, ambaye alikuwa amebaki hai bila mume na bila wana wake wawili, akiishi katika chumba kimoja cha shule. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamweleza yote, na nikajibu swali lake la kalamu nyekundu, mwaka mmoja na zaidi baada ya muda wake. Nikamwambia ni mimi niliyemzuia Domitila asiandike. Aliendelea kuchambua. Nikamuuliza, "Madamu, kozi ile ilimsaidia nani?" Akasema, "Ilikuwa kozi yenu. Niliipanga ili ninyi mjifunze. Wewe umejifunza, ona kazi unayofanya." Nikasema, "Na Domitila?" Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Sijui, mwanangu," akasema. "Nikilijua hilo sitaweza kuingia darasani tena." Mwaka uliofuata akaianzisha upya, akaifundisha hadi anastaafu, na wasichana mamia wakaenda mitaani na madaftari yao. Nasikia wanafanya mazuri. Sina sababu ya kutoamini. Kila ninachojua kufanya kwa mikono yangu nilikijua mwaka ule, na miaka thelathini nimelipwa mshahara kwa ajili yake, na sijapata hata siku moja njia ya kukitenganisha na mlango ule ulioandikwa kwa mkaa.

Mwaka ule wa 1995, Jumatatu baada ya kurudisha lile kopo, Mama Sifa alikuja zahanati kuchukua majibu. Alikuwa amevaa kitenge safi na ameoga. Niliangalia karatasi ya maabara mara mbili, kisha nikaketi naye kwenye benchi la nje, kama tulivyofundishwa: usimpe mgonjwa habari umesimama.

"Umepona, mama," nikamwambia. "Kabisa. Hakuna ugonjwa tena."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Akafikiri. Wagonjwa wengine walikuwa wakikohoa kwenye foleni, na muuguzi akaita jina la mtu, na mtu huyo hakuwapo. "Basi nitaishi," akasema.

"Utaishi."

"Miaka mingi?"

"Mingi, mama. Bado una nguvu."

Hapo akavuta ncha ya kitenge akajifunika uso, akaanza kulia, bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, na nikakaa kando yake nikiwa na karatasi mkononi hadi foleni ikaisha na mlinzi akaja kufunga lango.